Siku tatu, kamera moja: Namna mwongozaji mwanafunzi anavyoweza kukamilisha filamu kwa wakati

DODOMA

Kila muhula unapokaribia kumalizika, wanafunzi wanaosomea filamu hukabiliwa na tarehe isiyosogezwa: siku ya kuwasilisha kazi kwa wakufunzi. Kamera imeazimwa na kundi jingine linaisubiri. Waigizaji ni wanafunzi wenzao wenye mitihani yao, au wanakijiji waliokubali kuacha shamba kwa siku mbili au tatu. Fedha ya nauli na chakula imetokana na michango ya wanakikundi. Muda huo ukipotea, hupotea pamoja nao alama za mwaka mzima na imani ya watu waliofungua milango ya nyumba zao.

Elimu ya filamu nchini imepanuka. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha sanaa za maonyesho na filamu, sawa na inavyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Kwa wanafunzi walioko Dodoma na mikoa ya kanda ya kati, mandhari ya nyanda kame, mibuyu, mashamba ya zabibu na nyumba za tembe ni hazina kubwa. Hata hivyo, mandhari hayo yana masharti yake ya mwanga, upepo na watu, na mwongozaji asiyeyafahamu hujikuta siku imekwisha kabla ya kazi.

Makala haya yanafafanua hatua zinazomwezesha mwongozaji mwanafunzi kumaliza filamu fupi ndani ya muda mfupi, mambo anayoweza kuyapunguza bila kuiharibu kazi, na mambo asiyoruhusiwa kuyapunguza hata kama muda umekwisha kabisa.

Hesabu ya muda

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa muswada wa filamu huchukuliwa kuwa sawa na dakika moja ya filamu iliyokamilika. Filamu ya dakika 10 ina muswada wa kurasa 10 hivi. Idadi hiyo huonekana ndogo, na ndiyo maana makundi mengi huamini kuwa siku tatu zinatosha na kubaki.

Tuchukue mfano wa hadithi ya kijana aliyetumwa na bibi yake kuchota maji. Muswada una kurasa 10 na maeneo matano: nyumbani, barabarani, kisimani, mnadani na shuleni. Kikundi kimepanga kupiga shoti 60 kwa siku tatu.

Siku ya Dodoma ina takriban saa 12 za mwanga. Ukiondoa muda wa kusafiri, kufunga vifaa, kula, na saa za mchana ambazo jua ni kali kupita kiasi, hubaki kama saa saba za kazi halisi. Kwa siku tatu, jumla ni saa 21. Kuhama kutoka eneo moja kwenda jingine, pamoja na kufungua na kufunga vifaa, huchukua saa moja na nusu bila shida. Maeneo matano yana mihamo minne, yaani saa sita. Zinabaki saa 15 kwa shoti 60, sawa na dakika 15 kwa kila shoti, zikiwemo mazoezi, marekebisho ya mwanga na marudio. Kwa wanafunzi wanaojifunza, kasi hiyo haiwezekani.

Kikundi hicho kikibakiza maeneo mawili, nyumbani na kisimani, na kupunguza shoti hadi 40, hesabu hubadilika. Mhamo ni mmoja, saa zinazobaki ni 19 na nusu, na kila shoti hupata takriban dakika 29. Hadithi ni ileile. Mnada unaweza kutajwa katika mazungumzo ya bibi, na shule ikajulikana kwa sare aliyovaa kijana. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanyika mezani, kwa kalamu, kabla ya mtu yeyote kupanda gari.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi ya mwongozaji mwenye muda mfupi. Katika filamu yoyote ya aina hiyo kuna jambo litakaloachwa. Mwongozaji aliyejiandaa hulichagua mwenyewe mapema, akiwa ametulia. Asiyejiandaa huchaguliwa na jua linapozama, na mara nyingi kinachoachwa ni onyesho la mwisho lililokuwa limebeba maana ya hadithi nzima.

Hadithi inayolingana na uwezo

Historia ya filamu barani Afrika inatoa mfano mzuri. Ousmane Sembène wa Senegal, baada ya kusomea filamu mjini Moscow, alitengeneza "Borom Sarret" mwaka 1963. Ni filamu ya dakika 20 hivi inayofuata siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Mhusika mkuu ni mmoja, mwanga ni wa jua, na sauti ya mhusika iliwekwa baadaye. Ufinyu huo wa vifaa haukuizuia kuwa miongoni mwa kazi zinazotajwa kila inapozungumziwa mianzo ya filamu za Kiafrika.

Mfano mwingine ni wa Robert Rodriguez, ambaye akiwa kijana alitengeneza "El Mariachi", iliyotoka mwaka 1992, kwa takriban dola 7,000 za Marekani na wiki mbili za kupiga picha katika mji mdogo wa Mexico. Aliandika hadithi akianzia na vitu alivyokuwa navyo tayari, kisha akashika kamera mwenyewe.

Tanzania nayo ina mfano wake. "Arusi ya Mariamu", filamu fupi ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inamfuata mwanamke mmoja, ugonjwa wake na hofu yake kwa tiba ya jadi. Swali moja la moyoni mwa mtu mmoja lilitosha kuibeba.

Funzo kwa mwanafunzi ni kuandika akianzia na alichonacho. Kabla ya muswada, kikundi kinashauriwa kuorodhesha nyumba ambayo mwenyewe ameridhia, mnyama anayepatikana, mavazi yaliyopo, watu walio tayari na siku zao. Hadithi inayohitaji gari kupinduka au umati wa watu mia mbili ni hadithi ya wakati mwingine.

Mwanga, upepo na mvua vya Dodoma

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:50 asubuhi na kuzama kati ya saa 12:25 na saa 1:00 jioni. Kwa kuwa ni karibu na Ikweta, giza huingia haraka. Mwongozaji aliyezoea kuona jioni ndefu katika filamu za Ulaya asitarajie kuipata hapa. Baada ya jua kuzama, mwanga unaofaa kwa kamera hudumu dakika 20 hivi.

Saa ya jua kuwa juu kabisa kwa Dodoma ni karibu saa sita na nusu mchana. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu moja kwa moja utosini. Kivuli huangukia machoni na chini ya pua, na nyuso nyeusi hupoteza mng'ao wake. Kwa hiyo ratiba nzuri huanza alfajiri. Maonyesho ya nje hupigwa hadi saa nne asubuhi. Kisha kikundi huingia ndani ya nyumba au chini ya kivuli cha mbuyu, na kurejea nje kuanzia saa tisa alasiri.

Nyumba ya tembe, yenye paa la udongo, kuta nene na matundu madogo ya mwanga, ina giza ndani hata mchana. Shuka jeupe au ubao uliofunikwa karatasi inayong'aa, ukisimamishwa nje ya mlango, hurudisha mwanga ndani bila kuhitaji jenereta. Hatua hiyo huokoa fedha, na pia huondoa kelele ambazo zingeharibu sauti.

Msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, una mvua haba, jambo linalorahisisha ratiba. Adui wa msimu huo ni upepo na vumbi. Kipaza sauti kisichokuwa na kinga ya upepo hurekodi mvumo badala ya maneno, na vumbi huingia kwenye lenzi kila inapobadilishwa. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, huleta uoto wa kijani na mawingu yenye mwanga laini. Hata hivyo, makorongo hujaa ghafla na barabara za vijijini hukatika, hivyo ratiba ya msimu huo lazima iwe na siku ya akiba na onyesho la ndani lililo tayari kupigwa mvua inaponyesha.

Kalenda ya kilimo nayo ina uzito wake. Mwigizaji ambaye ni mkulima hawezi kuahidi siku tatu wakati wa kuvuna mtama, uwele au zabibu. Kumuuliza mapema ni heshima kwake na ni usalama kwa ratiba.

Vibali na ridhaa ya wananchi

Makundi mengi hupoteza siku nzima kwa kukosa karatasi moja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 230, iliyotungwa mwaka 1976, inataka kuwepo kwa kibali kabla ya kuanza kutengeneza filamu, na filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Majukumu hayo husimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania. Mwanafunzi anashauriwa kupata barua ya utambulisho kutoka chuoni na kuulizia utaratibu wa Bodi mara tu wazo la filamu linapokubaliwa na mkufunzi, badala ya kusubiri wiki ya kupiga picha.

Matumizi ya ndege zisizo na rubani yana masharti yake na yanahitaji idhini ya mamlaka husika, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Dodoma ni makao makuu ya nchi yenye majengo ya Serikali na uwanja wa ndege, hivyo kurusha chombo hicho bila idhini kwa ajili ya shoti moja ya mji kutoka angani ni hatari isiyolingana na faida yake. Maeneo ya urithi nayo, kama vile Michoro ya Miambani Kondoa iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, hupigwa picha kwa kufuata taratibu za wasimamizi wake.

Kijijini, kibali cha ngazi ya taifa hakiondoi wajibu wa kubisha hodi. Kikundi hufika kwa Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, hueleza hadithi yenyewe na siku zitakazotumika, kisha huzungumza na wenye nyumba. Ngoma na nyimbo za Wagogo, ambazo msanii marehemu Hukwe Zawose alizifikisha katika majukwaa ya dunia, zina wenyewe wanaozitunga na kuzicheza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na haraka ya kumaliza filamu haihalalishi kurekodi kundi la ngoma bila makubaliano.

Ridhaa hupatikana vyema ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, ikieleza picha zitatumika wapi. Fomu hiyo ya ukurasa mmoja husainiwa kabla ya kamera kuwashwa. Kuitafuta saini baada ya mhusika kurudi shambani huweza kugharimu safari nyingine ya kijijini katikati ya wiki ya uhariri.

Siku ya kupiga picha

Siku ya kazi, kila mtu huwa na jukumu moja linalojulikana. Kikundi cha watu sita kinaweza kugawanywa hivi: mwongozaji, mpigapicha, mrekodi sauti, msaidizi wa mwongozaji anayesimamia saa, mtunza mwendelezo na mshughulikiaji wa chakula, usafiri na watu. Msaidizi wa mwongozaji ndiye anayetangaza muda uliobaki, na mwongozaji hana budi kumsikiliza hata kama taarifa si ya kupendeza.

Shoti hupangwa katika makundi matatu kabla ya siku hiyo. La kwanza ni la zile ambazo bila hizo hadithi haieleweki. La pili ni la zile zinazoongeza uzito wa hisia. La tatu ni la zile zinazopendeza tu. Kikundi huanza na la kwanza katika kila eneo. Ikifika saa kumi alasiri na ratiba imechelewa, hakuna mjadala: kundi la tatu linaachwa, kisha la pili linapunguzwa.

Mazoezi na waigizaji hufanyika siku za kabla, bila kamera. Mwigizaji aliyekwisha kuelewa anachokitaka mhusika wake huhitaji marudio mawili au matatu. Asiyeelewa huweza kurudia mara kumi na tano na kuchoka. Kwa mwanakijiji asiyewahi kuigiza, ni vyema kumpa kazi ya mikono anayoifahamu, kama kupepeta uwele au kumfungua punda, na kumwachia aseme maneno kwa namna yake. Kumkaririsha sentensi ndefu za muswada humla muda na humwondolea uhalisi.

Mwongozaji akipaza sauti kwa hasira, kazi haiongezeki kasi. Waigizaji huogopa, hukosea, na kila kosa ni marudio mengine. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na kwenye eneo la kupigia picha msemo huo hupimika kwa dakika.

Yasiyopunguzwa

Yapo mambo ambayo hayaingii katika orodha ya kupunguzwa. La kwanza ni usalama. Mwezi Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kikundi cha filamu kiliingia kwenye daraja la reli bila idhini ya kampuni inayomiliki njia hiyo. Treni ilitokea. Msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27 alipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Mwaka uliofuata mwongozaji wa filamu hiyo alikiri kosa la kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo. Kikundi hicho kilikuwa cha wataalamu waliozoea kazi.

Tukio hilo lina uzito wa pekee kwa Dodoma. Mji umepitiwa na Reli ya Kati, na tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam zinafika hapo, zikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Kwa kasi hiyo, treni hupita mita 44 hivi kila sekunde moja. Mwanafunzi aliyesimama relini akirekebisha lenzi hana muda wa kukimbia. Onyesho la reli lipigwe kwa idhini ya Shirika la Reli Tanzania na chini ya maelekezo yake, au libadilishwe. Sauti ya honi ya mbali na uso wa mwigizaji anayesikiliza vinatosha kumwambia mtazamaji kuwa treni inapita.

La pili ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kufanyishwa kazi za kinyonyaji. Filamu ya mwanafunzi isiyolipa mshahara haina sababu ya kushusha kiwango hicho. Mtoto hushiriki kwa ridhaa ya mzazi, akiwa na mtu mzima wa kwake karibu, na bila kukosa masomo.

La tatu ni usingizi. Kikundi kilichofanya kazi tangu alfajiri hakipaswi kurejea mjini usiku wa manane kwa pikipiki au kwa gari linaloendeshwa na mtu aliyechoka. Ratiba inayomtaka dereva akeshe ni ratiba mbovu, hata kama shoti zote zimepatikana.

Sauti, nakala na uhariri

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo kuliko maneno yasiyosikika. Kila baada ya onyesho, mrekodi sauti hupewa dakika moja ya ukimya ili arekodi sauti ya mahali penyewe, ambayo mhariri huitumia kuunganisha vipande. Dakika hiyo moja huokoa saa nyingi baadaye.

Kila jioni, picha hunakiliwa kabla ya watu kulala. Utaratibu unaofaa ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja ikahifadhiwa mahali tofauti. Kadi ya kamera haifutwi hadi nakala zote zimefunguliwa na kuonekana kuwa nzima.

Uhariri nao hukadiriwa kuwa mfupi kuliko ulivyo. Ni salama kupanga kuanzia siku ya kuwasilisha na kurudi nyuma. Kwa kikundi chenye wiki nne ambacho maombi ya kibali yalikwisha kutumwa mapema, wiki ya kwanza ni ya muswada na mazoezi, ya pili ni ya siku tatu za kupiga picha na siku za akiba, na mbili za mwisho ni za uhariri, sauti na marekebisho. Asiyetenga muda wa uhariri hupeleka kwa wakufunzi picha nzuri zisizokuwa filamu.

Deni kwa waliosaidia

Filamu ya mwanafunzi hukamilika kwa wakufunzi siku ya kuwasilishwa. Kwa bibi aliyekaa juani akirudia onyesho moja mara nne, na kwa jirani aliyezima redio ili sauti irekodiwe, hukamilika siku wanapoiona. Baada ya taratibu za ukaguzi kukamilika, kurudi kijijini na nakala, shuka jeupe na projekta ya kuazima ni sehemu ya kazi yenyewe, na inafaa siku hiyo iandikwe katika ratiba tangu mwanzo. Kikundi kinachorudi kuonyesha kilichofanywa hukifungulia mlango kikundi kitakachokuja mwaka unaofuata.